Unga wa Nyungunyungu

Mejumaa alilinyanyua kopo la mtoto akajua kabla hajalifunua. Lilikuwa jepesi. Asubuhi, alipotoka na ndoo yake ya mayai ya kuchemsha kwenda kuwauzia abiria wa mabasi ya bara pale Mwembe Tayari, aliliacha limejaa hadi shingoni. Sasa alilitikisa, na unga ukapiga huku na huku chini ya kopo kama mchanga.

"Baba Kadzo," aliita, "nani aligusa kopo hili?"

Mumewe, Ngala, alikuwa amekaa kizingitini mwa banda lao la mabati, juu ya dari ya nyumba ya Bi Jawahir, binti yao Kadzo mapajani. Tangu ghala alilokuwa akipakia magunia ya chai lifungwe, yeye ndiye aliyeshinda na mtoto, na kazi hiyo aliiweza kuliko alivyopenda watu wajue.

"Ni mimi. Beryl alipanda kutaka bakuli la bibi yake, lile lilokuja na tambi. Kidogo alitwae hivi hivi, tupu."

"Ukafanyaje?"

"Ningefanyaje? Kwani sisi hatukulelewa? Nilitafuta cha kutia. Sukari hakuna. Mchele ndio ule unaoujua. Nikaona unga wa mtoto ndio kitu kizuri humu ndani, wanukia iliki. Nikalijaza bakuli mpaka juu, nikampa." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyejiokoa. "Beryl mwenyewe alisema, 'Baba Kadzo, leo umetutendea.'"

Mejumaa aliketi chini palepale, kopo mkononi.

Katika Mji wa Kale, mwezi wa Ramadhani mabakuli hupanda na kushuka ngazi kuliko watu. Lililokuja na maharagwe ya nazi hurudi na mkate wa sinia. Lililokuja na tambi hurudi na chochote, hata tende chache. Asiye na kitu hulikawiza bakuli kwake, akaliosha, akalianika juani, akaliosha tena, akingoja apate. Kulirudisha tupu ni kukiri mbele ya mtaa mzima kwamba kwako hamna. Ngala hakuwa amekosa. Alikuwa amefanya alivyofanya babake na mamake, na alikuwa ametoa kilicho bora.

Lakini Ngala hakujua kilichokuwamo katika ule unga. Hakuna aliyejua ila Mejumaa.

Ngala alijua, kama wote waliopanda darini, kwamba nyuma ya banda la kuku kulikuwa na mabeseni yaliyofunikwa magunia mabichi, na ndani yake nyungunyungu, wekundu, wanene, wanaokula maganda ya ndizi na mashapo ya kahawa. Walikuwa chakula cha kuku. Chakula cha dukani kilipopanda bei mpaka bei ya mfuko mmoja ikawa kama gharama ya harusi, bwana mifugo mmoja alikuja kukifundisha chama chao cha akina mama namna ya kuwafuga. Nyungunyungu akikaushwa, alisema, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, sawa na dagaa, pengine kumshinda. Mama mmoja akauliza kwa utani, "Na watu je?" Bwana mifugo akasema wako watu duniani wanaowala, na hawajafa. Ukumbi mzima ukacheka. Mejumaa hakucheka. Wakati huo Kadzo alikuwa amegeuka nywele rangi ya kutu, miguu imevimba, na umri wa kukimbia umemkuta bado hajasimama.

"Mpe yai, mpe maziwa, mpe nyama," muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia, kwa sauti ya mtu anayedhani umesahau tu. Mayai! Mayai ya kuku wao yalikuwa kodi. Mengine yalikwenda Mwembe Tayari, mengine yalishuka kwa Bi Jawahir kila Ijumaa, na aliyewalisha kuku hakuijua ladha yake. Basi Mejumaa akawatoa nyungunyungu kwenye taka, akawaacha kwenye pumba safi mpaka matumbo yakawa matupu, akawaosha, akawachemsha, akawaanika juu ya bati, akawakaanga, akawatwanga mlango umefungwa. Akauchanganya unga ule na wa mahindi na mtama, akatia iliki kuficha harufu. Kila alipokoroga uji aliomba msamaha, kwa kuwa alisoma chuo cha Kurani kama wenzake na alijua kwamba kitambaacho ardhini hakiliwi. Kisha alimlisha. Na Kadzo akasimama.

Sasa unga ule ulikuwa chini, jikoni kwa Bi Jawahir, na jua lilikuwa limeanza kuinama. Bibi yule amefunga. Atafungua kwa kitu gani, magharibi ikiadhiniwa?

"Wenda wapi?" Ngala aliuliza. "Hujapumzika hata."

"Nateremka mara moja."

*

Kwenye ngazi alikutana na Nasser, mwana wa Bi Jawahir, anapima ukuta kwa utepe wa fundi. Alikuwa na mipango na dari ile. Wageni wanaotoka kuitazama Ngome ya Yesu wangepanda pale juu, wakakaa kwenye matakia, wakanywa kahawa na kupiga picha. Kilichobaki ni kuondoa mabati, kuku, na watu. Mamake tu ndiye aliyekuwa hajakubali.

"Mama Kuku," alisema bila kumtazama, "hiyo harufu yenu leo imefika sebuleni."

"Samahani, bwana. Nitamwaga dawa."

"Dawa yake naijua mimi." Akaurudisha utepe, ukajikunja kwa mlio. "Idi ikipita tutazungumza, mimi na mumeo. Kiume."

Mejumaa akapita ubavu ubavu, mgongo ukiparuza ukuta wa mawe. Mawe yale na boriti zile, babu zake Ngala walizibeba vichwani kutoka majahazini, na kila mtu mtaani aliijua hadithi hiyo, na hakuna karatasi yoyote iliyoiandika.

Jikoni alimkuta Beryl, msichana wa kazi, anakata vitunguu, machozi yanamtoka.

"Beryl, mamangu, ule unga ulopewa na baba Kadzo uko wapi?"

"Wa uji? Kwani vipi, dada?"

"Umeingia fukusi. Nataka niuchunge, niwaletee mwengine."

Beryl akafuta macho kwa kiwiko. Akachungulia mlangoni, akashusha sauti. "Umechelewa. Bibi ameshakunywa. Adhuhuri. Daktari amemkataza kufunga mwaka huu, lakini hataki watu wajue, kwa hivyo wewe hujasikia. Siku zote hizi kila nikimpa chakula kinarudi. Leo amekunywa bakuli zima, akalamba kijiko! Fukusi gani hao? Walete tena."

Mejumaa alirudi nyuma mpaka mlangoni.

"Nani huyo?" sauti ilitoka chumbani. "Mejumaa? Mwambie aingie."

*

Bi Jawahir alikuwa ameegemezwa mito, mtandio mweupe kichwani, uso umepungua ukabaki pua na macho. Bakuli lilikuwa juu ya meza ndogo, jeupe, safi, kama halijawahi kutiwa kitu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapa kitandani, usikae chini." Akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa na joto, na Mejumaa alikumbuka jinsi vilivyokuwa baridi Ijumaa iliyopita. "Nasikia mmeniletea unga. Mumeo mtu wa heshima, mwambie nimesema. Niambie, umetia nini? Nimekunywa uji maisha yangu yote, huu wa leo una kitu. Umenikaa hapa." Akagusa kifua.

Mejumaa alilitazama bakuli. "Ni mtama, Bibi. Na mahindi."

"Na nini?"

"Na... dagaa. Nimesaga dagaa kidogo."

"Nilijua! Nilimwambia Beryl, kuna kitu cha nguvu humu." Akacheka, na cheko lile likamfanya akohoe, akaliacha. "Basi nitengezee mwengine, mwanangu. Mwingi. Nitakula daku, nipate kufunga siku hizi zilobaki. Naona aibu kukaa hapa nikila mchana kama mtoto. Nikiweza kufunga hata chache, nitakufa nimeridhika."

"Daktari hatakubali, Bibi."

"Daktari hatalala nami kaburini. Na sikiza. Nasser ana maneno yake ya mikahawa. Mimi nimeshamwambia na nitamwambia tena leo mbele ya watu: Mejumaa hatoki darini mwangu nikiwa hai. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi. Ahsante."

Alitoka. Alivuka sebule, akafika kwenye ngazi, akapanda vipandio vichache, akasimama. Alikuwa amepata alichokuwa akikiombea kila alfajiri tangu walipohamia. Dari ni yao. Alichotakiwa ni kutwanga tu, kama alivyokuwa akitwanga, na kusema dagaa, kama alivyokwisha kusema. Bibi angenenepa. Nani angejua? Nyungunyungu hawana ulimi.

Lakini mama huyu mzee alitaka kuamka usiku, anuie, ale kile, kisha amfungie Mungu wake kwa nguvu zake. Kwa mtoto, Mejumaa alikuwa na jibu la kujibu siku ya kuulizwa: mgonjwa, mdogo, hana lingine. Kwa huyu hakuwa nalo. Huyu angeweza kununuliwa samaki, maini, supu ya miguu, apendacho. Huyu alikuwa akidanganywa tu ili watu wapate pa kulala.

Akateremka.

"Umesahau nini?" Bi Jawahir aliuliza.

Mejumaa alifunga mlango nyuma yake. Safari hii alikaa chini, sakafuni. "Bibi, si dagaa."

*

Alipomaliza kusema, vijiko vya Beryl vilisikika jikoni. Bi Jawahir alikuwa ameutoa mkono wake kitandani, ameuweka kifuani, mbali.

"Nipe maji," alisema.

Akasukutua, akatema kwenye bakuli lile jeupe, akasukutua tena. Mejumaa alitarajia kelele. Alitarajia Nasser aitwe. Bi Jawahir akauliza jambo moja.

"Nani mwengine ajua?"

"Hakuna, Bibi. Hata babake mtoto hajui."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Mzee akavuta pumzi. "Mimi sikujua nilichokula, na Mungu aona kwamba sikujua. Hilo ni baina yangu na Yeye. Lakini watu hawaoni kama aonavyo Mungu. Mtaa huu nimezaliwa, na babangu Abdulkadir kazaliwa, na babake. Wakisikia Jawahir amelishwa minyoo, tena mwezi wa Ramadhani, tena mchana, watanicheka mpaka kaburini kwangu."

"Hawatasikia kwangu, Bibi."

"Wajua kwa nini hawatasikia? Kwa sababu mtakaa. Nimesema mtakaa, na sirudi nyuma. Lakini hao wadudu wako, leo hii, uwatie maji yanayochemka. Wote. Nasser apanda kesho asubuhi na fundi. Asione hata mmoja."

"Na kuku?"

"Wape wanachokula kuku wa wenzako."

"Na mtoto, Bibi?"

"Mtoto ale wanachokula watoto wenzake."

Mejumaa hakukusudia kuuliza. Neno lilitoka lenyewe, taratibu, bila ufidhuli. "Watoto wenzake wanakula nini, Bi Jawahir?"

Mzee alimtazama. Alijua bei ya maziwa? Huenda. Alijua kwamba mtoto aliyekuwa akimsikia akilia juu ya kichwa chake mwaka mzima alikuwa akilia njaa? Pengine hilo alilijua pia, na ndiyo maana tambi zilipanda. Laiti angekuwa mtu mbaya, Mejumaa angemtukana akapumua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeweza kukupa dari kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akakunyang'anya kilichomo ndani ya sufuria yako, na asione kwamba ni mikono ya mtu mmoja.

"Nenda ukachemshe maji," Bi Jawahir alisema, akageukia ukutani.

*

Ngala aliwasha jiko bila kuuliza. Aliuliza sufuria ilipokwisha kutelekwa, makaa yameshika. Mejumaa akamwambia yote, tangu kopo mpaka ukuta. Alisema huku akitazama moto.

"Rudia," Ngala alisema.

"Nimeshasema."

"Rudia hapo. Wamlisha mwanangu minyoo?"

"Nyungunyungu. Wamesafishwa. Wamekaangwa."

"Hata wakitiwa udi!" Aliinuka, akagonga kichwa kwenye bati, akakaa tena. Alipoendelea sauti ilikuwa imeshuka, na kushuka kwake kulimuumiza Mejumaa kuliko kelele. "Wajua walivyokuwa wakiniita pale ghalani? Mnyika, mtu wa porini. 'We mnyika, leo umekula panya gani?' Kila siku. Hata vijana wadogo. Na mimi nawajibu, mimi nala wali kama nyinyi, nakaa Mji wa Kale kama nyinyi. Miaka yote nawaambia. Kumbe kwangu mwenyewe..."

"Alikuwa hasimami, Ngala."

Ngala alipapasa kichwa pale alipogonga.

"Ulimbeba wewe mpaka kliniki. Ulimwona miguu. Ukibonyeza, kidole kinaacha shimo. Halafu akasimama. Ulidhani ni nini?"

"Nilidhani ni Mungu."

"Ni Mungu. Alipitia kwa hawa."

Chini, sahani zilianza kugongana, na kutoka msikiti wa karibu adhana ya magharibi ikaanza, ikafuatwa na ya pili na ya tatu. Ngala akampa mkewe kikombe cha maji, naye akanywa cha kwake. Hawakula. Maji ya kwenye sufuria yalikuwa yameanza kuimba. Mejumaa akatoa beseni la kwanza nyuma ya banda la kuku, akaondoa gunia. Nyungunyungu wakajivuta kuukimbia mwanga.

Ngala alishika sufuria kwa matambara, akaja nayo, akasimama juu ya beseni. Mvuke ulimfunika uso. Kadzo alikuwa amewafuata, ameshika ukingo wa beseni kwa mikono miwili, anachungulia ndani kwa furaha, miguu yake imekanyaga sakafu sawasawa.

"Mtoe mtoto, asije akaungua," Ngala alisema.

Mejumaa alimtoa. Ngala bado alisimama.

"Nikimwaga, twakaa," alisema.

"Twakaa."

"Na kesho ale nini?"

"Uji wa mahindi."

"Ule aliokuwa akila akivimba?"

"Ule."

Alisimama mpaka mvuke ukapungua. Kisha akageuka, akairudisha sufuria jikoni, akapuliza makaa. "Leta hilo kopo," alisema. "Ulobaki watosha?"

"Watosha leo."

"Basi niletee na mwiko."

Hakuwahi kusonga wala kukoroga mbele ya mkewe. Alikoroga vibaya, mabonge yakafanyika, akayaponda kwenye ubavu wa sufuria, huku akitukana polepole kwa Kigiriama, kidogo anawatukana watu wa ghalani, kidogo uji wenyewe. Kisha akampakata Kadzo, akapoza kijiko kwa pumzi yake.

*

Asubuhi waliondoka kabla fundi hajaja. Mejumaa alibisha mlango wa Bi Jawahir kwa vidole viwili.

"Bibi, sisi twatoka. Sikuwaua, kwa hivyo siwezi kukaa. Maneno yetu nimeondoka nayo, usiwe na wasiwasi."

Alisikia kitanda kikilia, kama mtu ameinuka. Alingoja. Mlango haukufunguliwa.

Nasser alikuwa barazani na simu yake. Aliwaona wakitoka: Ngala na tenga la kuku begani na godoro chini ya kwapa, Mejumaa na beseni kubwa kichwani lililofunikwa gunia linalochuruzika maji, na Kadzo, ambaye hakukubali kubebwa, ameshika kanga ya mamake. Wanawake wa mlango wa pili waliacha kufagia.

"Mwahama? Hata kuaga?" Nasser alisema. Uso ulimng'aa, akajaribu kuuficha. "Na huko kichwani, Mama Kuku, mwaiba nini?"

"Chakula cha mtoto."

"Chakula gani chatona?"

Usiku kucha Mejumaa alikuwa ameliogopa swali hilo. Sasa lilipokuja, mbele ya mafagio yaliyosimama, alishangaa kuona kwamba haliogopi tena. Alilitua beseni kwenye baraza, mbele ya viatu vya Nasser, akaliondoa gunia.

Nasser akaruka nyuma. Wanawake wakapiga makelele. "Audhubillahi! Huyo mtoto ala hivyo?"

"Ala," Ngala alisema kabla ya mkewe. Sauti ilimkwaruza, akaisafisha, akasema tena kwa nguvu ili wa dirisha la juu wasikie. "Ala, na mimi ndiye nimpikiaye. Mtazameni amesimama."

Mejumaa alilifunika beseni, Ngala akamsaidia kulitwika, wakashika njia ya Feri. Dadake Mejumaa alikaa Likoni, chumba kimoja na watoto wake, na hakuwa ameambiwa kwamba wanakuja. Njia nzima Mejumaa alikuwa akipanga maneno ya kumwambia: wapi angeweka kuku, wapi beseni lingepata kivuli, na la kwanza kabisa, kabla hajakaribishwa kukaa, anamlisha nini mtoto wake. Maji ya gunia yalimteremka shavuni. Aliyaacha, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imeshika beseni.